Herufi Moja Juu ya Tangi

6 Juni

Mke wangu mdogo, Kasuku,

Marahaba. Najua bado hujaniamkia, lakini nimeitikia kabisa ili tusipotezeane muda. Huku tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo limejiunga na upinzani: nikisema twende, lenyewe linasusa na kutoka nje. Mke mwenzako, yaani bibi yako, yu mzima kupita kiasi. Asubuhi hii ameshanigombeza kuhusu viatu, kuhusu kikohozi, na kuhusu jambo fulani nililolifanya kabla baba yako hajazaliwa.

Simu uliyoninunulia usiipigie tena. Ilitumbukia kwenye debe la rangi ya kijani nilipokuwa naandika jina la bucha. Nimeiopoa, nimeifuta, imependeza mno, ila haisemi. Kwa hiyo tutaandikiana kama watu wa maana. Barua zako mpe kondakta wa basi, yule mwenye pengo. Basi lake nililipaka mimi, hawezi kunikatalia.

Habari za siasa: kwa kinyozi wameleta televisheni. Juzi wakaonyesha bunge. Huyo bosi wako Mheshimiwa, ambaye sisi hapa mtaani tunamwita Kesho-Kutwa kwa sababu ndiyo tarehe pekee anayoijua, alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, tai imepanda begani. Mteja mmoja akasema mshahara wake ukatwe. Kinyozi akasema, "Mwacheni alale. Akiwa amelala haahidi kitu." Tulicheka mpaka mtu aliyekuwa akinyolewa akapoteza nusu ya ndevu asizokusudia kuzitoa.

Na wewe ndiye unayemwandikia hotuba! Ulipokuwa mdogo tulikuita Kasuku kwa kuwa ulirudia kila neno tulilosema, hata yale ya bibi yako akiungua mkono. Leo wewe unasema, Mheshimiwa anarudia. Sasa hapo kasuku ni nani?

Sasa kazi. Mwenyekiti wa mtaa ameniambia ofisi yenu inataka maandishi kwenye tangi jipya la maji, na wewe ndiye uliyemnong'oneza jina langu. Ahsante, mchumba. Nimelizunguka hilo tangi. Jeupe, refu, zuri. Nimeligonga, likalia ngo, ngo, kama kichwa cha Mwenyekiti. Koki ziko chini, zinang'aa. Juu kabisa kuna bomba la kumwaga maji yakizidi, limechungulia nje kama pua. Kila kitu kipo. Kisichokuwepo ni pampu.

Nitumie maneno ya kuandika. Na uniambie: pampu iko wapi?

Mumeo mwenye meno ya kuhesabika,
Babu


19 Juni

Shikamoo Babu,

Hii hapa, ili ile marahaba yako isikae bure. Msalimie Bibi, mwambie sabuni aliyoagiza nimeipata, na asinisemee vibaya kwa majirani kwamba nimekonda. Sijakonda. Ni ile picha ndiyo imekonda.

Hapa ofisini tuko watatu kwenye chumba kimoja na feni moja, na feni humtazama Mkuu wa Ofisi tu. Dirisha langu linaangalia ukuta. Lakini kazi naipenda, Babu, usinicheke. Nikiandika sentensi Jumatatu, Alhamisi naisikia redioni ikisemwa kwa sauti nzito. Na kwa mshahara huu mdogo wangu anasoma, unajua. Halafu Mheshimiwa si mtu mbaya. Wiki hii ametugawia wote nyanya za shambani kwake, kubwa kama ngumi, wakati sokoni hakuna nyanya kwa huu ukame.

Maneno ya kwenye tangi ni haya, nimeyatunga mwenyewe na yamepitishwa:

AHADI YA MAJI TUMEITEKELEZA

Herufi kubwa, rangi ya bluu, yaonekane tangu barabarani. Mheshimiwa atakuja kulizindua mwezi wa Septemba.

Pampu iko njiani. Wewe andika tu.

Mjukuu wako,
Kasuku


3 Julai

Kasuku wangu,

Salamu tele, na za Bibi yako ziko juu yake, maana yeye hata kwenye barua lazima akalie mtu. Anashukuru kwa sabuni. Ila ana kesi mpya: bluu yake ya kufulia imekwisha koponi na shuka zake sasa zina rangi ya meno yangu. Ananiuliza mimi. Mimi mwanamume mzima na bluu ya kufulia wapi na wapi? Nimemwambia awaulize panya.

Kazi nimemaliza. Nilipanda na ngazi yangu, ile ndefu, ambayo katika mji huu hakuna nyingine inayofika pale. Watu walinicheka tangu mwanzo, kwa kuwa nilianza na herufi moja kule katikati ya neno, chini ya lile bomba lenye kuchungulia, ndipo nikajaza kulia, nikarudi kujaza kushoto. Mwenyekiti akasimama chini na mwavuli wake usio na mvua, akapaza sauti: "Mzee, kwenu mnavaa suruali kuanzia magotini?" Nikamwambia, "Wewe kazi yako muhuri, baki na muhuri wako." Baadaye akalalamika kwamba maandishi yamekaa upande. Yamekaa upande, ndiyo. Na yeye kofia yake imekaa upande, mbona simpigii kelele?

Sasa jambo la ajabu. Watu wamekuja wengi kutazama. Wanasoma, wanatazamana, wanashikana mabega, wanacheka mpaka wengine wanakaa chini. Mwalimu mmoja aliondoka akifuta machozi. Sijui kimewafurahisha nini. Labda bluu.

Kwa kinyozi sasa tunajadili kodi mpya ya mabati. Nina maoni, lakini Bibi yako amesema nisiyaandike, eti barua zinasomwa. Nasema tu kwamba wakishatoza kodi mabati watakuja kwenye kivuli chake.

Umesema pampu iko njiani. Njia ndefu ile. Inatembea kwa miguu?

Babu


10 Julai

Babu!

Shikamoo, na salamu za wengine wote baadaye.

Gazeti la leo, ukurasa wa kwanza, picha ya tangi. Nimeisoma mara ya kwanza nikadhani ni macho yangu. Nimevua miwani, nimeifuta, nimesoma tena:

AHADI YA MAJI TUMEITEKETEZA

Tumeiteketeza, Babu! Nilikuandikia L, ukaweka T! Kutekeleza ni kutimiza, kuteketeza ni kuchoma mpaka majivu, na wewe umeyaandika haya kwa herufi zenye urefu wa mtu, na Mheshimiwa ndiye anayesema!

Mkuu wa Ofisi ametupa gazeti juu ya meza yangu. Ameuliza, "Nani huyu mchoraji?" Nimesema sijui. Hii ndiyo mara ya kwanza maishani kukukana, na nimekukana kwa sababu ya T.

Tafadhali panda leo urekebishe. Ni herufi moja tu. Na uniambie kweli, mimi na wewe tu: uliteleza au ulikusudia?

K.


29 Julai

Mchumba mwenye hasira,

Barua yako imechelewa kunifikia kwa kuwa kondakta aliisoma kwanza. Nimemgombeza. Anakusalimu.

Bibi yako hajambo, analima bustani yake ya mchicha kwa maji aliyonawia uso. Goti langu bado halijarudi bungeni.

Unaniuliza niliteleza au nilikusudia. Mjukuu wangu, mimi ni wa darasa la nne. L na T kwangu ni mtu na dada yake, kila siku nawafananisha. Hata hivyo usiniite mkosaji peke yangu. Walilisoma neno lile watu wengi wenye vyeti, na hakuna hata mmoja aliyesema si kweli.

Kurekebisha, nilitaka. Wallahi nilibeba ngazi mpaka pale. Lakini unajua ndoo. Tangu nilipoteremsha ngazi yangu akina mama wamepanga ndoo zao kwenye foleni kuzunguka chini yake, kila moja na alama yake, ili maji yakija mtu asipoteze nafasi. Mahali pa kuweka ngazi hapapo. Nikamwambia muuza mkaa, yule mwanamke mwenye sauti ya treni, "Mama, sogeza ndoo kidogo nikaifute T." Akanijibu, "Nitaisogeza maji yakitoka." Nikajaribu ya pili. Jibu ni hilo hilo. Mtu anaweza kuvunja ahadi katika nchi hii akapewa gari, lakini jaribu kuvunja foleni ya maji uone.

Wilaya nayo ikaleta fundi wao. Alikuja na ngazi fupi nyembamba, akaipenyeza kati ya ndoo, akafika kwenye mguu wa herufi tu, akawa anaitazama T kama paka anavyotazama samaki dirishani. Akaja kuniazima ngazi yangu. Nikamwambia ina mchwa. Akasema, "Mzee, ngazi hii ni ya chuma." Nikamwambia ndiyo maana nashangaa.

Mwenyekiti amekasirika sana hadharani. Lakini juzi nilimkuta peke yake chini ya tangi, anasoma, mabega yanatikisika.

Kasuku, mpango wangu ni mwepisi na unaweza kumwambia bosi wako. Siku maji yatakapofika juu ya tangi, T ile itaondoka. Nimeapa. Basi ni juu yenu.

Pampu iko wapi? Hii ni mara ya tatu nauliza, na wewe ulikuwa mtoto wa kujibu hata usiyoulizwa.

Babu


12 Agosti

Babu,

Shikamoo. Sote tu wazima.

Naona unafurahi. Mimi huku sifurahi. Mkuu wa Ofisi ameandika kwa Mwenyekiti wenu kutaka jina la mchoraji. Likija, ataliona ni jina langu la mwisho. Hapa hakuna mtu atakayeamini kwamba babu aliteleza na mjukuu hakujua. Nitafukuzwa, Babu. Mdogo wangu atarudi nyumbani na begi lake, na mimi nitarudi kukushikia debe la rangi.

Mheshimiwa amesema haahirishi. Anakuja tarehe kumi na mbili Septemba, atasimama chini ya tangi hilo hilo, na hataki kuona herufi hiyo. Hotuba ya siku hiyo nimepewa mimi niiandike. Kurasa ziko mbele yangu, nyeupe.

Kuhusu pampu, usiniulize. Niulize kitu kingine chochote. Hata nyanya siku hizi sizili tena.

Kasuku


20 Agosti

Kasuku mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na ya mwisho niliisoma bila kucheka. Kinyozi akaniuliza kama kuna msiba.

Mimi ni mzee wa utani, unajua. Nikimtania Kesho-Kutwa namtania mtu aliyelala, hakuna anayeumia. Sikufikiri kwamba ngazi yangu imesimama juu ya kichwa chako. Kwa hiyo sikiliza. Ngazi ni yangu, brashi ni yangu, na T ni yangu. Mwenyekiti hatatoa jina, nimeshaongea naye. Alisema, "Jina lipi? Hapa mchoraji hatumjui, uliyaandika upepo," halafu akapiga muhuri kwenye jibu lake. Lakini kama hiyo haitoshi, andika neno moja, "Futa," nami nitapanda. Ndoo nitaziruka, goti litake lisitake. Mtaa utaninunia. Wataninunia hadi kodi ijayo, kisha watapata mwingine wa kumnunia. Wewe ukinifia njaa huko sitajisamehe.

Bibi yako amenikataza kukuandikia haya yanayofuata, kwa hiyo yasome haraka. Juzi aliteleza kwenye mteremko wa kisimani, kule bondeni anakochota kila asubuhi. Yeye hakuumia, ndoo ndiyo iliyopasuka. Alikaa pale pale kwenye tope akacheka, nami nikacheka. Nilimbebea ndoo iliyopasuka mpaka nyumbani, sijui kwa nini. Maji hayakuwemo.

Basi. Sikulazimishi. Andika neno moja nami nitalifuata.

Mumeo,
Babu


2 Septemba

Babu,

Usiiguse.

Kasuku

(Shikamoo. Mwambie Bibi apumzishe mguu.)


15 Septemba

Kasuku,

Kumbe unajua kuandika kwa ufupi! Nilikaa na neno lako hilo moja siku zote, nalifungua, nalifunga, kama mtu aliyepewa sanduku bila ufunguo. Bibi yako akasema, "Mtoto kasema usiiguse, usiiguse. Tena kaa mbali hata na ngazi."

Hukuwepo siku yenyewe, kwa hiyo nakusimulia, na usiniambie umesikia redioni, redio haina macho.

Asubuhi ikapita katapila kusawazisha barabara, ile inayokujaga na wageni na kuondoka nao. Viti vya plastiki vikapangwa. Wakaleta turubai kubwa kuifunika T, ila ngazi ya kulifungia haikuwepo, na mwenye ngazi alikuwa anaumwa goti kitandani. Kweli niliumwa. Niliumwa mpaka muziki ulipoanza, nikapona.

Kesho-Kutwa akashuka garini, suti nyeusi, jasho. Akatazama juu. Akaiona. Akamtazama Mkuu wa Ofisi wako kwa jicho ambalo nisingependa kuolewa nalo. Lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshawashwa na watu wamekaa, ikabidi aende. Akatoa karatasi zako mfukoni, akavaa miwani, akaanza kusoma.

Mjukuu wangu, yule bwana hasomi kabla! Anakutana na maneno siku hiyo hiyo kama sisi! Akasoma salamu, akasoma viongozi, akageuza ukurasa, na kwa ile sauti yake nzito akasema:

"Ndugu zangu, mmesoma hapo juu. Mchoraji hakukosea. Ahadi ya maji niliiteketeza. Nimekuja leo kuwaomba radhi na kuokota majivu."

Akasimama. Akaisogeza karatasi karibu na pua. Akaisogeza mbali. Nikasikia hata mtoto akinyonya. Mkuu wa Ofisi akawa mweupe kama tangi. Nami, nitakwambia ukweli, nilisema moyoni: Kasuku wangu, umekwisha.

Halafu muuza mkaa akasimama na ile sauti ya treni. Akasema, "Huyo! Huyo ndiye tuliyempigia kura!" Akaanza kupiga makofi. Basi uwanja mzima ukalipuka. Siyo makofi yale ya kulipiwa fulana. Watu walisimama juu ya viti. Watu walitupa kofia. Mwenyekiti alitupa mwavuli.

Ungemwona Kesho-Kutwa! Miaka yote ile kwenye siasa, nadhani hajawahi kusikia makofi ya kweli. Mdomo ulimbaki wazi kama bungeni, lakini safari hii alikuwa macho. Akatabasamu. Akasema, "Narudia!" Naye akarudia! "Niliiteketeza!" Wakashangilia zaidi. Akaendelea kusoma kwa raha zake, bila kutazama kinachokuja, mpaka akafika pale ulipoandika kwamba pampu italetwa kabla ya mwezi ujao kwisha, na asipoileta maandishi yabaki milele. Aliyasoma na hayo! Yako redioni, hayarudi.

Nimecheka, lakini sijalala vizuri. Wewe uko wapi? Wamekufanya nini? Andika, hata kama ni neno moja tena.

Babu


3 Oktoba

Shikamoo Babu mume wangu,

Nisamehe kwa kimya. Nilikuwa nangoja kujua kama barua hii naiandikia ofisini au kwenye begi.

Siku ile nilikaa na redio ndogo mezani. Hotuba nilikuwa nimempa asubuhi, mkononi, kwenye bahasha iliyofungwa, nikamwambia, "Mheshimiwa, hii ni nzuri." Naye akasema, "Zako zote nzuri," akaiweka mfukoni. Nilijua hataisoma. Nimefanya kazi naye muda wa kutosha. Aliposema neno la majivu nilianza kukusanya vitu vyangu: kikombe, kandambili, kalenda. Niliposikia makofi sikuelewa. Nilidhani ni mvua inapiga paa.

Alirudi siku ya pili. Akaja moja kwa moja mezani kwangu, mbele ya wenzangu, mbele ya feni. Kikombe changu kilikuwa tayari kwenye boksi. Nikasimama, nikasema yote kabla hajafungua mdomo: mchoraji ni babu yangu, hotuba ni yangu, Mkuu wa Ofisi hahusiki.

Akachungulia ndani ya boksi langu. Halafu, Babu, akauliza kwa sauti ya chini, karibu kama mtoto:

"Ile ya majivu... unayo nyingine?"

Nikasema, "Ipo, Mheshimiwa. Lakini nyingine inahitaji pampu kwanza."

Mezani kwake, mlango ukiwa wazi, kulikuwa na kapu la nyanya. Akaligeukia, akalitazama, akashusha pumzi. Kisha akapiga simu kwa msimamizi wa shamba lake.

Ulikuwa ukiniuliza pampu iko wapi nikajibu iko njiani. Sikukudanganya sana. Iko njiani tena, ila sasa njia ni ya kuja kwenu.

Kikombe nimekirudisha mahali pake. Mkuu wa Ofisi hanisemeshi, lakini feni ameigeuza kidogo upande wangu, nadhani kwa bahati mbaya.

Sasa zamu yako. Mimi nimesema la kwangu. Uliteleza au ulikusudia?

Kasuku


14 Oktoba

Kasuku, mke wangu, jeuri wangu,

Bibi yako alisomewa barua yako na kondakta kabla sijafika nyumbani. Amelia, amecheka, amenigombeza kwa pamoja. Anasema mdogo wako asome kwa bidii na wewe ule vizuri. Goti langu limerudi serikalini, limepewa wizara.

Pampu imefika. Imeletwa juu ya lori, nzuri, si mpya, imeoga tope jekundu ambalo huku kwetu halipo. Fundi alipoifungua mfuniko akakuta jani limenasa kwenye mkanda. Akalinusa. Akanipa nami nikanusa. "Nyanya," akasema. Nikamwambia, "Funga mfuniko, kijana." Kwa hiyo swali langu la pampu nalifuta, halina haja ya jibu.

Wakaiunga, ikakohoa kama mimi, ikakamata. Mtaa mzima ulikuwa pale. Kila mama alikuwa nyuma ya ndoo yake, na hakuna aliyebishania nafasi, maana foleni ilikuwa imepangwa miezi. Tukasikia maji yanapanda ndani ya tangi. Tukiligonga, lile ngo, ngo likawa linapungua, likawa zito, likanyamaza. Muuza mkaa akafungua koki ya kwanza. Sitakueleza kelele.

Nami nilikuwa na ngazi begani, kwa kuwa niliapa. Mwenyekiti akaniambia, "Haya Mzee, maji hayo. Panda uifute." Nikamwambia, "Subiri kidogo." Akasema, "Unasubiri nini?" Nikasema, "Lijae."

Likajaa. Fundi alikuwa akishangiliwa, akasahau kuzima. Maji yakafika lile bomba la juu lenye kuchungulia, yakatoka puu, yakashuka ukutani, moja kwa moja juu ya T.

Kasuku, lile paa la T likaanza kulia. Likatiririka bluu, michirizi, likaondoka lote. Halafu chokaa ya pale chini kulia ikabanduka, na mguu wa herufi ukatokea, wa rangi ya mafuta, umekauka tangu Julai. L. Ndefu, imenyooka, chini ya bomba pale pale nilipoianza. Watu wakasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama darasa la kwanza: tu-me-i-te-ke-le-za. Kisha wote wakageuka kunitazama mimi na ngazi yangu.

Mwenyekiti akasema, "Mzee wewe!"

Unaniuliza niliteleza au nilikusudia. Mimi wa darasa la nne, mchumba. Mambo makubwa hayo waulize wenye vyeti.

Aliyenitisha ni bibi yako. Alikuwa amesimama mwisho kabisa, pale maji ya ukutani yanapodondokea, na ndoo mpya mkononi. Akatazama ndani ya ndoo. Maji ya bluu. Akanitazama mimi. Akatazama tena ndani ya ndoo. Nikajua nimekamatwa, nikaanza kutafuta pa kuweka ngazi.

Alijitwika ndoo yake mpaka nyumbani, akatoa shuka zote, akafua. Zimeanikwa uani sasa hivi ninapokuandikia, nyeupe kama zamani, na mimi nimeambiwa leo usiku nisizilalie.

Mumeo wa sakafuni,
Babu